Makandida kanisani: tuliomba posho, tukasahau hesabu

Siku ya posho iliyopita, sale ya parokia yetu hapa Kolwezi ilijaa kupita siku ya Pasaka. Makandida tisa walikuja kukaa mbele yetu, kila mutu kwenye kiti cha plastiki, mikrofoni moja kwa wote, na redio ya kartie ikapitisha maneno moja kwa moja kwa wale waliokosa nafasi. Wanne wanataka kuwa madepite wa taifa, watatu madepite wa provensi, wawili washauri wa komini. Mimi nilikaa benchi ya tatu na bibi yangu. Nilikuwa na kikaratasi mufukoni, na ulizo moja limeandikwa juu yake.

Mimi ni delege wa sendika, mwaka wa kumi na moja sasa. Wandugu wengi wa sendika waliniambia nisiende. Mumoja alisema: "Delege, kanisa ni ya kuomba Mungu, politike iko na uwanja wake. Utaenda kupoteza saa yako bule." Nilienda, na leo nawajibu hapa katika gazeti: saa yangu haikupotea. Lakini kuna jambo lilifanyika mule ndani ambalo linanikataza kulala vizuri, na nataka tuliongelee kabla ya tarehe 20 Desemba, kwa sababu kisha kura hatutakuwa tena na nguvu ya kuliongelea.

Kwanza niseme uzuri wake. Kampanye ilianza tarehe 19 ya mwezi wa kumi na moja, na tangu siku ile masikio yetu yamechoka. Motokari zinapita na miziki, mutu anasimama juu ya podiumu, analaumu wengine, anatupa mipira yenye picha yake, anaenda. Nani anaweza kumuuliza kitu? Akiwa juu ya podiumu na walinzi wake, wewe uko chini na mavumbi. Lakini kanisani, siku ile, kandida alikaa kwenye kiti sawa na changu. Mwalimu wa sekondari aliyeongoza mazungumuzo alikuwa na saa mukononi: dakika tatu, unanyamaza. Kandida mumoja mwenye sauti kubwa alipitisha dakika, mwalimu akamutosha mikrofoni polepole kama vile anatosha kisu kwa mutoto. Sale yote ilicheka. Miaka yote ya kura sijaona mukubwa akitoshwa mikrofoni na mwalimu asiyelipwa vizuri. Kwa ile tu, namushukuru padri wetu.

Sasa nikuje kwa maulizo.

Siku ya Mungu iliyotangulia, kisha misa, waliweka kitunga mulangoni ili kila mutu aandike ulizo lake. Komite ya parokia ilichagua kumi. Nilihesabu: matano yalikuwa juu ya barabara, maji na umeme, matatu juu ya kazi kwa vijana, moja juu ya timu ya mupira, na la mwisho lilikuwa la kuomba kandida "atakumbukaje kanisa letu" akichaguliwa. Langu halikuwemo. Lilisema hivi: "Kode ya kazi inasema nini juu ya jurnalie aliyetumika zaidi ya siku 22, na wewe kandida utafanya nini ili sosiete za sutretansi ziifuate?"

Nilimufuata padri mbele ya kuanza. Sikutaka kumufezehesha, nilimuuliza pembeni. Yeye ni mutu wa kweli, hakunificha. Alinionyesha mabati mapya juu ya sale. Yalitolewa mwezi wa tisa na mumoja wa wale wanne wa taifa. Na yule mutoaji, wanaokaa Kolwezi wanamujua, njo mwenyi sosiete ya sutretansi inayopeleka vijana wetu kwenye mine kwa kontra za mwezi mumoja mumoja. Komite iliogopa kumukosesha heshima mugeni. Nikamuambia: "Baba, lakini njo yeye ulizo linamuangalia." Akanijibu: "Mwaka jana mvua ilinyeshea watoto wa katekisimu ndani ya sale hii. Wewe uko na mabati?" Nilinyamaza. Mpaka leo sina jibu. Ni vyepesi kuhukumu kanisa ukiwa na nyumba isiyovuja.

Basi nilikaa na kikaratasi changu, na maulizo yakaanza. Barabara: kila kandida akaahidi barabara. Maji: wote wakaahidi maji. Kazi kwa vijana: mwenyi mabati akasema akichaguliwa ataandikisha vijana wa parokia hii, na vijana wakasimama kupiga makofi.

Hapa nataka tusimame kidogo. Kuandikisha vijana si kazi ya depite. Anaweza kuwaandikisha leo, hata bila kura moja, kwa sababu sosiete ni yake. Kazi ya depite ni kufanya sheria na kuchunguza serikali. Katiba, kifungu cha 138, inampa vyombo: anaweza kuandikia minista ulizo, anaweza kumuita ajibu mbele ya wengine, anaweza kuomba komisio ya kuchunguza. Havilipishi franka hata moja. Na hakuna hata mumoja kati yetu aliyemuuliza: "Utamuandikia minista wa kazi ulizo gani?"

Kwa nini hatukuuliza? Mimi nafikiri tunaongea na makandida namna wazee wetu walivyoongea na kompani. Tunaita siku ile "siku ya posho" kwa sababu ilikuwa siku ya kugawa chakula: unga, samaki, maharagi. Baba yangu alitumika Gécamines, na mimi nilikula ile posho nikiwa mutoto. Kompani ilikupa nyumba, ilikupa shule, ukiugua kulikuwa lopitali yake. Watu walisema kompani njo baba, njo mama. Kisha mambo yakaanguka, na mwaka 2003 na 2004 watumikaji zaidi ya 10.000 walitoka kwa ule mupango wa kuondoka kwa kupenda. Baba alikuwa mumoja wao. Posho iliisha, lakini mukono wetu ulibaki umenyooshwa. Kandida akipita, tunamuona kama ghala limefunguliwa tena. Na yeye anajua vile. Njo maana anakuja na unga wala hakuji na hesabu.

Sasa lile jambo linalonikataza kulala.

Kisha yale maulizo kumi, mwalimu alisema kuna nafasi ya mutu mumoja asimame. Nilinyoosha mukono. Lakini mama mumoja alikuwa amekwisha kusimama, na mwalimu akampa mikrofoni. Tunamujua wote pale, ni mujane. Aliongea polepole, bila kulia:

"Bwana yangu alikufia ku kazi, sasa miaka mbili. Kila mwezi balikuwa banakata ku mushahara yake, iko mu makaratasi, minazichunga. Nilienda ku biro kuuliza haki ya batoto. Banasema jina yake haiko. Ile franka ilienda wapi? Njo ile tu minauliza."

Sale ikatulia. Hata grupu ya parokia tulianza kuisikia inje.

Mwenyi mabati alisimama mbele ya kuitwa. Si kwake bwana wa yule mama alitumika, nisimusingizie, ilikuwa sosiete ingine. Alishuka mpaka kwenye mama, akamushika mukono, akatosha franka mufukoni, za kutosha, nilikuwa karibu niliona, akaziweka katika mukono wake na kusema: "Mama, usilie tena, sisi tuko hapa." Na sale ikapasuka kwa makofi na vigelegele. Watu walianza kumuita "onorable" mbele ya kura.

Nilipiga makofi. Naandika hivi kwa haya, lakini ni kweli. Delege wa sendika, miaka kumi na moja, mutu anayefundisha wengine sheria, nilipiga makofi na wengine. Bibi yangu hakupiga. Alinitazama tu, kisha akauliza sikioni: "Na ulizo yake, bameijibu?"

Hapana. Haikujibiwa. Mama aliuliza franka ya bwana yake ilienda wapi, na alipewa franka ya mutu mwingine. Ulizo lilizimwa mbele yetu wote, na sisi tulisaidia kulizima kwa mikono yetu.

Lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe si refu. Sheria inasema mwenyi kazi anakata 5% ku mushahara ya mutumikaji, anaongeza sehemu yake mwenyewe, 13%, na kuzipeleka zote kwa CNSS. Kama alikata bila kupeleka, aliiba. Karatasi ya mushahara ya yule mama ni ushuhuda. Inspekta wa kazi anaweza kufungua dosie. Na depite wa taifa anaweza kuuliza minista kwa maandiko: ni sosiete ngapi za sutretansi katika Lualaba zinakata bila kupeleka? Kandida mumoja, avoka, alijaribu kusema kitu kama hicho kisha makofi. Lakini vijana walikuwa wamekwisha kuingia na makasha ya sukre baridi, na kila mutu aliangalia makasha. Sema nani aliyeyalipa.

Nirudi kwa siku 22, kwa sababu mikrofoni sikuipata na gazeti nimelipata. Kode ya kazi ya mwaka 2002, kifungu cha 40, inasema hivi kwa ufupi: kama unatumika siku kwa siku, na umekwisha kutimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, wakikuchukua tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, kontra yako inahesabiwa kuwa ya bila mwisho. Haiombi saini ya mukubwa, ni sheria yenyewe inayosema. Ni vijana wangapi wa kartie yetu wametumika siku 22? Hesabu katika nyumba yako mwenyewe. Wengi wanavaa kaske ya sosiete kubwa, wanashuka ndani ya shimo la sosiete kubwa, lakini karatasi yao inasema wao ni watu wa siku moja. Wakiumia, sosiete kubwa inasema "si wetu", sosiete ndogo inabadilisha jina.

Kuna sheria nzuri ya mwaka 2017 inayosema sutretansi ni ya sosiete zenye feza ya Wakongomani kwa sehemu kubwa. Mimi naiunga mukono, ni haki wana-inchi wapate sehemu yao. Lakini imezaa kitu ambacho hatukukifikiria: wenyi sosiete hizo sasa wanakuja kuomba kura zetu. Mutu huyo akiingia Bunge, atamuandikia minista ulizo juu ya nani? Juu yake mwenyewe? Sisemi Katiba inamukataza. Nasema wewe mutumikaji wake ulipaswa kumuuliza, na kanisani kulikuwa pahali pa kumuulizia.

Na wale wawili wa komini? Waliwekwa mwisho wa meza, karibu na mulango, kama watu waliofika kwa kuchelewa. Sale yote iliangalia wakubwa. Lakini kura za mwaka 2023 njo mara ya kwanza tunachagua washauri wa komini, na kwa mutu wa mine pale njo penye nyama. Nieleze. Kode ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inagawa redevansi, ile franka ambayo sosiete inalipa juu ya bei ya madini inayouza: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provensi, 10% kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja, na 15% kwa komini ao sheferi penye mine iko. Redevansi ya shaba ni 3,5%. Ya kobalti ni 10%, tangu iliposhikwa kuwa madini ya lazima sana mwaka 2018. Fanya hesabu ya malori yanayopita mbele ya nyumba yako kwa siku moja, utajua kama ile 15% ni franka ya kuchezea. Mushauri wa komini njo atakayepiga kura juu ya bajeti ya franka ile. Zaidi ya ile, kila sosiete inapaswa kuweka angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa kazi za maendeleo ya watu wanaokaa penye inatumika, na watu wenyewe wana viti katika chombo kinachoisimamia. Barabara tuliyoiomba kwa depite wa taifa, pengine ilikuwa inalala mwisho wa meza karibu na mulango.

Mumoja wa wale wawili ni dada anayeuza mboga sokoni na kufundisha watoto kusoma magaribi. Muzee mumoja, naamini kwa kumuonea huruma, alimuuliza angefanya nini. Akasema: "Tata, mimi sina mabati. Nitaomba bajeti ya komini ibandikwe ku mulango ya komini kila miezi tatu, franka iliyoingia na franka iliyotoka. Bakikataa, nitakuja kuwaambia hapa." Hakutumia hata dakika moja. Hakuna aliyepiga makofi, watu walikuwa wanafungua chupa. Kati ya tisa, ni yeye peke yake aliyesema kitu ambacho mwaka kesho ninaweza kwenda kukiangalia kwa macho: kimebandikwa ao hakikubandikwa.

Mwishoni nilisimama na daftari la sendika na kuomba kila kandida aandike jibu lake na kutia saini. Sita walitia. Avoka alikataa, na nilipenda alivyokataa: alisema Katiba, kifungu cha 101, inasema depite ni wa taifa zima, na hakuna mutu anayeweza kumufunga kwa agizo. Ana haki. Ile saini haina nguvu mbele ya tribunali. Nilimujibu kwamba sitafuti tribunali, natafuta kukumbuka, maana sisi watu wa mine tunatumika usiku na muchana na kichwa kinasahau. Alicheka, lakini hakutia. Mwenyi mabati alitia mbele ya kusoma.

Kuna wanaosema sasa kanisa lifunge mulango, makandida wasiingie tena. Mimi nakataa. Wakifungiwa kanisa, tutabaki na podiumu na miziki peke yake. Kibaya hakikuwa kuingia kwao. Kibaya ni kwamba mumoja aliingia mwezi wa tisa kupitia juu ya nyumba, na wengine walifika siku ile kwa mulango. Kama parokia inataka kuendelea, na iendelee, zawadi za kandida zisipokelewe mwaka wa kura, hata bati moja, na komite inayochagua maulizo iweke watumikaji ndani, na wajane. Na kama sale inavuja, basi sisi wenyewe tukatwe kidogo kidogo kila mwezi. Sendika yetu imesimama miaka yote kwa makato ya namna ile. Nimemupelekea padri neno hili, na makato ya kwanza yatatoka kwangu.

Kwa unga, sitakuambia uukatae. Mutu mwenye watoto sita na mushahara unaochelewa, mimi ni nani nimuambie arudishe kilo 25? Upike bukari, watoto wale. Ndani ya chumba cha kura uko peke yako, hakuna anayejua kidole chako kimegusa picha ya nani. Lakini akikuletea unga mulangoni, mbele ya kuupokea muulize juu ya siku 22. Muulize mulangoni pale, majirani wakisikia.

Padri amekubali kutupa sale tena, siku ya posho moja katika mwezi wa tatu, kwa wale watakaokuwa wamechaguliwa. Daftari liko kwangu. Juzi nilienda kwa yule mama mujane kumuomba radhi kwa makofi. Alisema franka zile alilipia shule ya mutoto mukubwa na kununua unga, na zimekwisha. Kisha aliingia chumbani, akarudi na mufuko wa plastiki wenye karatasi za mushahara za bwana yake. Tulizihesabu pamoja juu ya meza: ziko 31, na kila moja inaonyesha makato. Mwezi wa tatu atakuja nazo zote.